Siku Niliyomjibia Kiden

Nimestaafu ukunga, lakini watoto wa Koboko hawajakubali nistaafu. Kila mwenye barua ya kuitwa usaili wa udaktari nje ya nchi anakuja uani kwangu, anavuta kiti, anataka nimweleze mambo yalivyo. Sasa nayaandika yote mara moja ili mniache nipumzike. Neno la kwanza: usiende na mama yako. La pili: kama chuo kimelazimisha mzazi aje, basi mzazi huyo abandikwe plasta mdomoni tangu anapopanda basi Arua. Mimi ndiye yule mama, kwa hiyo najua ninachosema.

Kazi hii nimeifanya miaka thelathini na minne. Nilijifunzia hospitali ya Kuluva, nikatumwa kituo cha Omugo, nikamalizia nyumbani Koboko. Baba yangu alikuwa sajini, nasi tulilelewa kambini, ambako mtoto hasemi mpaka aulizwe, na hata akiulizwa anamtazama kwanza mkubwa wake. Nje ya kambi nako mambo ni hayo hayo. Nenda nyumba yoyote ya kwetu, umuulize binti mbele ya mama yake anasoma darasa la ngapi. Binti atatazama mkeka, mama atajibu. Binti akirukia kujibu mwenyewe, mgeni akishaondoka majirani watauliza huyu kalelewa na nani. Ndivyo nilivyomlea Kiden, na nilikuwa najisifu kwa hilo.

Kiden ni kitinda mimba wangu. Alifaulu vizuri, siyo vizuri sana, na anayejua ushindani wa udaktari hapa kwetu anaelewa umbali uliopo kati ya maneno hayo. Alikaa nyumbani miaka miwili akifundisha watoto wa chekechea kuimba herufi. Baba yake alikwisha kufariki, kwa hiyo wenye usemi ni baba zake wadogo, nao walikuwa wameshaamua: ajaribu mara hii moja, ikishindikana aolewe. Kulikuwa na mtu wa Yumbe mwenye duka la vipuri vya pikipiki ameshauliza. Ndipo ikaja barua ya chuo kimoja cha Tanzania, kwenye mji wa kando ya ziwa. Alhamisi, saa tatu asubuhi, aje na vyeti halisi na mzazi wa kutia saini. Asiyefika saa hiyo, nafasi yake anapewa anayefuata. Hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya mtoto wangu, na mimi ndiye niliyepewa kuisindikiza.

Nilianza kumfundisha majibu kabla basi halijatoka Arua. Mwenzangu kaziba masikio na vile vidude vya simu. Nikavitoa kimoja kimoja.

"Wakiuliza sababu gani wewe nataka kuwa dakitari, utasema nini?"

"Mama, mimi najua."

"Najua siyo jibu. Sema kusaidia watu."

"Watu yote nasema kusaidia watu, Mama."

"Ndiyo maana iko sawa!"

Akarudisha vidude masikioni. Tulikwenda hivyo hadi Kampala, mimi natoa, yeye anarudisha. Abiria wa kiti cha mbele akageuka akaniambia kwa heshima kwamba hata yeye sasa anaweza kwenda kwenye huo usaili.

Mpakani ndiko nilikotaka kulia. Upande wa Tanzania, kabla ya kugongewa pasi, unapita kwenye meza ya afya na kuonyesha kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Mezani alikaa kijana mmoja, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Yangu aliitazama akanirudishia. Ya Kiden akaishika muda mrefu.

"Hii ilisainiwa na nani?"

"Na mimi," nikasema.

"Wewe ni nani?"

"Mkunga."

"Na huyu binti?"

"Mtoto wangu."

Akaweka kalamu chini. "Mama, umemchanja mwanao mwenyewe, ukamwandikia kadi mwenyewe, ukasaini mwenyewe, ukagonga na muhuri mwenyewe?"

"Sasa mimi nipeleke yeye kwa nani? Siku hiyo kwa kituo iko mimi peke yangu!"

Foleni nzima ikacheka. Kijana hakucheka. Alisema kwa adabu sana kwamba hawezi kuipokea kadi ya namna hiyo, binti achanjwe upya pale pale, na chanjo mpya huhesabika kuanza kufanya kazi baada ya siku kumi. Siku kumi! Ilikuwa Jumatano asubuhi. Nikapandisha ile sauti niliyoirithi kwa sajini, ikawa kama namsemesha ukuta.

Na kilichoniudhi kupita vyote ni kwamba kijana alikuwa sahihi. Mimi mwenyewe, kwenye kliniki ya wajawazito, nimewarudisha nyumbani wanawake waliotembea tangu alfajiri, kwa sababu tu kadi imesahaulika juu ya kabati. Hakuna kadi, hakuna huduma. Nilikuwa nikisema hivyo bila hata kuinua macho, na nilijiona mtu wa kazi. Pale mpakani, na mfuko wangu wa samaki wakavu unaanza kunuka juani, nikawakumbuka wanawake wale, nikaona haya.

Aliyetuokoa ni mkubwa wa kijana yule, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliisogeza kadi karibu na pua.

"Hii namba ya kichupa cha dawa nani aliiandika?"

"Mimi."

"Na tarehe ya dawa kuharibika?"

"Mimi."

"Anayeghushi hajisumbui hivi," akamwambia kijana. Kisha akaniuliza kama kituo chetu kina rejista ya siku ile. Nikampigia simu mkuu wa kituo cha Koboko, ambaye alikuwa mwanafunzi wangu na bado ananiogopa kidogo. Nikamwambia afungue stoo, rafu ya chini, kitabu chenye jalada la kijani lililotafunwa na panya. Saa moja na nusu baadaye ikaingia picha ya ukurasa: jina la Kiden katikati ya majina ya watoto wengine wa siku ile, na kando yake namba ile ile ya kichupa. Mama wa miwani akagonga muhuri. Basi letu lilikuwa limeshaondoka zamani.

Hapo nimshukuru Sista Ayikoru, mkunga aliyenifundisha kazi Kuluva, mwanamke mfupi mwenye rula ya mbao. Ukiacha safu moja wazi kwenye rejista, rula inashuka kwenye vidole. "Wewe iko naacha nafasi hivi, mutoto iko wapi hapa? Andika!" Tulimchukia sana. Tulisema anapenda karatasi kuliko watu. Ninyi wa siku hizi mnapiga rejista picha kwa simu, halafu simu inatumbukia chooni, mnaniambia data imepotea. Andikeni kwa kalamu. Jazeni kila safu, hata ile inayoonekana haina kazi, maana hamjui ni siku gani mtoto wa mtu atasimama mbele ya meza fulani akiitegemea.

Tulipata gari jingine, tukafika jioni, tukalala hosteli ya kanisa, mimi Mwislamu na tasbihi yangu, na watawa wakanipokea vizuri mno. Alhamisi saa mbili na nusu tulikuwa kwenye benchi la chuo. Kiden amevaa gauni la bluu nililomchagulia, nywele nilizomsuka mwenyewe, na kichwani majibu yangu. Nilimtazama nikaridhika kabisa.

Ndani walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni daktari mzee mwenye sauti ya upole; daktari kijana mwenye kompyuta; na mama mmoja wa kilemba, mkuu wa wauguzi. Wakatukaribisha wote wawili, tukakaa bega kwa bega.

"Binti, karibu sana," akasema mzee. "Hebu tuambie habari zako kidogo."

Kiden akatazama sakafu. Najua maana yake. Alikuwa ananisubiri mkubwa nifungue.

"Huyu naitwa Kiden," nikafungua, "ya mwisho kwangu, kichwa yake iko muzuri, tangu mudogo hakuna siku ilirudishwa nyumbani na mwalimu."

"Tunashukuru, mama. Sasa binti, kwa nini udaktari?"

Sakafu.

"Kusaidia watu," nikasema.

Mzee akatabasamu, akajaribu mlango mwingine. "Tuseme uko nyumbani, jirani analeta mtoto aliyekunywa mafuta ya taa. Utafanya nini, binti?"

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu swali lile nalipenda. "Usitapishe yeye!" nikasema, nusura nisimame. "Watu nakimbilia kutapisha, mafuta naingia kwa mapafu, mutoto nakufa na wewe nasema nilisaidia!" Nikaendelea na maziwa yasiyofaa, na kupumua kunavyohesabiwa, na mtoto mmoja wa Omugo mwaka fulani. Mama wa kilemba akacheka mpaka akashika meza.

"Mama," akasema, "wewe tumeshakupitisha."

Wale wawili hawakucheka. Daktari kijana aliandika kitu, akamwinamia mzee, akauliza polepole, lakini masikio yangu ni ya mtu aliyesikiliza mapigo ya watoto tumboni kwa pembe kabla mashine hazijaja. Aliuliza, "Huyu binti hana neno lake?"

Nikamgeukia Kiden. Uso ule naujua. Nimeuona mara mia, kitandani, juu ya shuka ya wodi.

Nilipokuwa mgeni kazini, aliletwa binti mwenye uchungu, na mama mkwe kasimama kando ya kitanda. Kila ninachouliza, mama mkwe anajibu. Mimba ya ngapi? Ya kwanza. Umewahi kuugua? Hajawahi. Uchungu umeanza lini? Leo asubuhi. Binti anatazama ukuta. Nikajaza kila safu kwa mwandiko mzuri. Sista Ayikoru akaingia, akasoma, akamtazama binti, akamwambia mama mkwe atoke nje. Mama yule akang'aka. Sista akafunga mlango. Ndipo binti akasema kwa kunong'ona kwamba hiyo ni mimba ya pili; ya kwanza alizaa kwao kabla ya kuolewa, akatokwa na damu mpaka wakamwita shehe, na huku kwa mume hakuna ajuaye. Tulimpakia garini, nikamsindikiza Arua kabla hajajifungua, na kule damu ilipokuja ilikuta watu wamejiandaa. Yuko hai. Sista alinisubiri nirudi, akaniambia, "Mutu iko na mudomo yake. Wewe nauliza mama mukwe, mama mukwe ndiyo nazaa?" Tangu siku ile nimefukuza wodini mama wakwe, mashangazi, waume, na mzee mmoja wa ukoo na fimbo yake. Nilikuwa nafundisha wanafunzi wangu hivyo kila mwaka, na baadhi yenu mnaosoma haya niliwafundisha.

Sasa mama mkwe nilikuwa mimi. Nimemvusha mtoto mpaka, nimempigania kadi, halafu nimekaa juu ya mdomo wake. Na yeye asingenisogeza kamwe, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha asinisogeze.

Nikasimama. "Dakitari, mimi natoka."

"Mama, si lazima," akasema mzee.

"Iko lazima."

Kisha nikamwinamia Kiden, nikamwambia kwa Kikakwa, lugha yetu ya nyumbani, waziwazi, jinsi mkubwa anavyotoa ruhusa: hapa mimi sipo, sema unalotaka, sitakuuliza kwa nini. Nikatoka nikafunga mlango mwenyewe.

Nje kulikuwa na benchi na mlinzi mwenye redio. Nilikaa pale karibu saa nzima nikijitukana. Mlinzi akanipa karanga, nikazila bila kumshukuru. Niliwaza yule mtu wa vipuri. Niliwaza jinsi nitakavyowaambia shemeji zangu kwamba binti hakushindwa, niliyemwangusha ni mimi. Kama kuna adhabu ya mwanamke msemaji, ni kukaa nje ya mlango ambao nyuma yake mambo yake yanaamuliwa.

Kiden akatoka, uso mkavu.

"Ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa sawa."

"Waliuliza nini?"

"Vitu."

Vitu! Nilimuuliza ziwani, nikamuuliza mpakani, nikamuuliza Kampala, nikamuuliza tulipovuka daraja la Karuma na nyani wametanda barabarani. Vitu. Ninyi vijana mna neno moja mnalolitumia kwa kila jambo, nalo halina kitu ndani. Nikamkumbusha kwamba nimemzaa. Akasema anajua. Nikataka kumkumbusha zaidi, lakini nilikwisha kuahidi sitauliza, na ahadi ile iliniuma kuliko kiti cha basi.

Wiki tatu zikapita. Shemeji zangu walikuja mara mbili na nyuso za kikao. Mtu wa Yumbe akatuma sukari, nikaiacha kwenye mfuko wake. Kiden akaendelea kuimba herufi na watoto wake wa chekechea kana kwamba hana kesi yoyote. Halafu, Ijumaa moja watu wakitoka msikitini, simu yake ikalia ujumbe. Akausoma, akanipa nami nisome. Wamemchukua. Vigelegele vilivuka mpaka ng'ambo ya barabara, na shemeji zangu wakasema wao walijua tangu mwanzo. Sukari nikairudisha Yumbe siku ile ile.

Kesho yake asubuhi tulikaa uani tunachambua kunde, ndipo akaanza mwenyewe, bila kuulizwa.

"Mama, unajua sababu gani walichukua mimi?"

"Alama zako."

"Hapana. Yule mama ya kilemba aliuliza mimi kitu gani niliona kwa kazi yako na siwezi sahau. Nikaambia yeye habari ya Omugo."

Mikono yangu ikasimama. Habari ya Omugo sijawahi kumsimulia mtu Koboko, na sasa nawaandikia ninyi kwa sababu mtaihitaji. Mchana mmoja nilikuwa peke yangu na wanawake watatu wanaojifungua. Mmoja akazaa salama, mtoto wa kike. Nikatazama shuka yake, safi, nikamwendea mwingine. Shuka ya juu ilikuwa safi. Damu ilikuwa inakusanyika nyuma, chini ya mgongo, na yeye hakusema neno kwa sababu aliona nina kazi. Niliporudi na kuingiza mkono chini ya kiuno chake, nilikuwa nimechelewa. Ninyi ingizeni mkono. Msiridhike na shuka, msiridhike na mgonjwa mpole.

Mkuu wa kituo alinikataza kwenda msibani, akasema watanipiga, na kweli wangeweza. Nilikwenda. Kiden alikuwa na miaka tisa na sikuwa na wa kumwachia, nikamkalisha kando yangu kwenye mkeka na kipande cha muhogo. Nikamwambia baba wa marehemu kwamba mimi ndiye mkunga, kwamba nilimwacha, kwamba sikurudi kwake kwa wakati. Hawakunipiga. Bibi mmoja akaniletea maji. Baada ya miezi michache nikaomba uhamisho. Niliamini mtoto alikuwa anakula muhogo wake.

Nikamkasirikia kweli. "Aibu yetu ya nyumbani wewe nabeba mpaka Tanzania, nasema kwa watu hatujui?"

"Wewe ulisema mbele ya msiba muzima, Mama. Mimi nilisema mbele ya watu tatu tu."

Nikarudi kwenye kunde zangu.

"Na wao walisema nini?"

"Ule kijana aliuliza, na mimi nikikosa, nitaenda kwa familia? Nikasema sijui. Nikasema nitaogopa sana. Halafu muzee akauliza kama mimi nakumbuka yule marehemu. Nikataja jina yake."

Akalitaja tena pale uani, jina kamili, la kwake na la baba yake, kwa sauti ya kawaida. Miaka kumi na miwili jina lile halijatoka mdomoni mwangu, na hakuna siku hata moja niliyolisahau. Nikamuuliza nani alimwambia.

"Wewe, Mama. Siku ile kwa mukeka ulisema mara tatu."

Nililia pale pale, kunde mkononi, na sikumtuma maji wala kuni wala kitu chochote ili aondoke asinione.